Wapagazi wa Bwana Ormsby: Kigelegele Ukumbini

Sehemu ya Saba

Haya, tulieni. Wiki nzima mmenisumbua njiani na sokoni, kila mmoja anataka kujua yule mwanamke alifanywa nini. Kwani ni mimi niliyemtuma apige kigelegele?

Kwa aliyekosa gazeti la wiki jana, habari ni hii. Maimunah ni Mnubi wa Namuwongo. Mumewe Jafar, mpakiaji wa mizigo bandarini Port Bell, alikamatwa na watu wa serikali siku ya Ijumaa akitoka kuswali. Baada ya wiki kadhaa rafiki yake Kamis, dereva wa lori, akaleta kanzu yake yenye damu na kusema mwenzetu hayupo tena. Wakamsalia bila maiti. Maimunah akakaa eda mpaka alipojifungua mtoto wa kike, Safinah, na sasa Ijumaa alikuwa aolewe na Kamis huyo huyo.

Jumanne mchana yeye na mama mkwe wake, bibi Kaltumi, wakaenda kutazama sinema ya bure. Ilikuwa filamu ya maisha ya Bwana Ormsby, mzungu aliyezunguka misitu yetu zamani akivumbua maziwa ambayo watu walikuwa wakifulia nguo ndani yake. Ilipigwa papa hapa Uganda, ndiyo maana jeshi likaionyesha bure kwa askari na majirani. Waliokuja kuipiga waliomba wapatiwe wanaume waliokonda, waigize wapagazi. Hawakuhangaika kutafuta. Jela ya Luzira ilikuwa nao tele.

Basi katikati ya filamu, wapagazi wakipita msituni na mizigo kichwani, waliambiwa waimbe chochote cha Kiafrika. Wakaimba Kinubi. Wakaimba wimbo wa doluka, ile ngoma ya harusi ya akina mama, ambayo mwanamume mwenye akili zake haiimbi mbele za watu. Na mwimbishaji, aliyebeba sanduku la vikombe vya chai vya Bwana Ormsby, alikuwa Jafar.

Askari waliojua Kinubi waliangua kicheko, wakidhani ni uhuni wa wafungwa. Chini ya kicheko hicho Jafar alikuwa akitaja majina. Doluka ya mtaa ule ndivyo ilivyo: mwimbishaji anamtaja mtu na ukoo wake, na mwanamke aliyetajwa hujibu kwa kigelegele. Asipojibu, amemtukana aliyemtaja. Maimunah alilelewa hivyo tangu hajaota meno. Alipotajwa, mdomo ulijibu kabla ya akili, katika ukumbi uliojaa bunduki.

Taa zikawashwa. Hapo ndipo tulipoachana.

Kapteni Marjan alisimama kwenye kiti cha mbele. Alikuwa Mnubi naye, mtu mpole wa sauti, na watu walimwogopa zaidi kwa upole huo. Hakuwa ameusikiliza wimbo. Alikuwa akicheka na wenzake. Kilichomfanya atege masikio ni kile kigelegele, na hilo ndilo litakalomchoma Maimunah mpaka kaburini.

"Nani alipiga hii kitu?" akauliza. "Filamu iko na watu wa harusi humu ndani?"

Maimunah akashika kiti cha mbele yake ili ainuke. Kabla hajainuka, mkono mkavu ulimkandamiza bega, na bibi Kaltumi akasimama badala yake, fimbo mkononi, kitambaa kimeteleza kichwani.

Akasema ni yeye. Mkwe wake anaolewa Ijumaa, akasikia wimbo wa harusi, na uzee ukamsahaulisha kwamba yuko sinema na si jikoni. Akaomba radhi kwa askari wote na kwa yule mzungu kwenye pazia pia.

Ukumbi ukacheka. Kapteni akacheka nao, tena akampa mkono mzee. Akauliza anayeolewa ni yupi, akaonyeshwa Maimunah. Akauliza bwana harusi yuko wapi, na Kamis, aliyekuwa amekaa kwenye safu ya madereva, akainuka akichezea funguo za lori.

"Mabruki," akasema Kapteni. "Ijumaa nitakuja. Mimi napenda doluka sana."

Halafu akamgeukia Hippolyte. Huyu ni Mkongo, mkimbizi kutoka Butembo, ambaye kazi yake ilikuwa kusimama kando ya pazia na kipaza sauti, akiwafasiria watu filamu kwa Kiswahili. Kinubi hakujua hata salamu, na wimbo ulipoanza alikuwa amenyamaza akinywa maji. Kapteni akamwambia aufungue mkanda kwenye mashine na amfuate nao garini. Filamu ikaishia pale. Hadi leo wako watu Kampala wasiojua kama Bwana Ormsby alitoka msituni.

Wanawake wawili walirudi Namuwongo kwa miguu kando ya reli. Njiani walisalimia watu kama kawaida, walinunua hata nyanya. Walipofika ndani na kufunga mlango, bibi Kaltumi akakaa sakafuni kwa kishindo.

"Mwanangu anaishi," akasema.

Maimunah akamkumbatia, wakalia mpaka mtoto akaamka. Hebu fikiri. Mtu umemsomea hitima, umegawa pilau ya arobaini yake, kisha unamwona amebeba vikombe vya mzungu.

Lakini furaha ya maskini haina maisha marefu. Bibi Kaltumi alijifuta machozi, akaanza kuwaza, na alichowaza kilikuwa kibaya. Picha za sinema, alisema, hazipigwi leo zikaonyeshwa leo. Hupelekwa Ulaya kusafishwa, huko hukaa wee. Huenda Jafar aliimba kwanza, kisha ndiyo akauawa, kisha kanzu ikaja. Huenda tumeona maiti inaimba, mwanangu.

Maimunah akamchukua mtoto ampe titi. Titi lilikuwa halijafika mdomoni alipoganda.

"Mama. Alimtaja Safinah."

Bibi Kaltumi hakuelewa.

"Aliponitaja mimi alisema, Maimunah mama Safinah. Safinah alikuwa hajazaliwa kanzu ilipoletwa. Jina nilimpa mimi, siku ya saba. Jafar amelijuaje?"

Msomaji, hapo bibi Kaltumi hakulia tena. Mtu aliyezikwa bila maiti hajui jina la mtoto aliyezaliwa nyuma yake. Jafar alikuwa hai baada ya kusaliwa. Na kuna mtu aliyeijua nyumba hii, aliyekuja kwenye akika ya Safinah, kisha akaenda akaonana na Jafar uso kwa uso na asiseme neno.

Hawakuhitaji kumtafuta mbali. Nani alikuwa akijisifu mtaa mzima kwamba lori lake limekodiwa na wazungu wa sinema kubeba wapagazi?

"Kikulacho ki nguoni mwako," akasema bibi Kaltumi, na safari hii hakuwa akisema mithali.

Kamis mwenyewe alitokea siku ya pili, na gunia la mchele na dumu la samli kwa ajili ya karamu. Alikuwa mtu wa watu, mwenye mkono mwepesi. Mjane akikosa mkaa, Kamis. Mtoto akiugua, Kamis na lori lake. Maimunah alikuwa amemzoea kama mtu anavyozoea kivuli cha nyumba, na nitasema kweli, alikuwa ameanza kumpenda. Hilo ndilo lililomuuma kuliko yote.

Hakumkaribisha kiti. Alimuuliza ni nani aliyempelekea Jafar jina la Safinah.

Kamis kwanza alikana. Akasema ameota, akasema wapagazi wote waliokonda wanafanana. Maimunah akamnyamazia tu, akimtazama. Mwongo hawezi kuvumilia kimya, hujaza mwenyewe. Baada ya muda Kamis akaketi juu ya gunia lake la mchele na kuanza kulia machozi ya kweli.

Alikiri kwamba alimwona. Kanzu, alisema, alipewa na askari akaambiwa mtu wako amekufa, naye akaamini. Miezi ikapita. Kisha asubuhi moja akatumwa jela na lori kuchukua wapagazi, na wa kwanza kupanda nyuma alikuwa Jafar.

"Kwa nini hukutuambia?"

"Yeye alinikataza. Alisema, mimi siwezi toka humu, Kamis. Mwache mama anihesabu maiti. Mwoe mke wangu wewe, usiache nyumba yangu ianguke."

Maimunah alitamani kuamini. Maneno yale yalifanana na Jafar, mtu aliyekuwa akimwachia mwenzake kipande kikubwa cha nyama. Akauliza jambo moja tu. Wimbo ulikuwa na ubeti wa mwisho, na kigelegele chake mwenyewe kiliufunika. Ubeti ule ulisemaje?

Kamis akasema hakusikia. Alisema haraka mno.

Kisha akafuta uso na kumweleza hesabu ilivyo, na kwa hili hakusema uongo. Marjan amechukua mkanda. Anashuku. Ijumaa anakuja kuangalia. Harusi ikivunjika, atajua nyumba hii imeuelewa wimbo, kwamba wafungwa wametoa majina yao nje ya ukuta. Wote walioimba mle watanyamazishwa, na Jafar wa kwanza. Harusi ikiendelea, basi lilikuwa kelele la bibi kizee, na wale watu wataendelea kupumua.

Alipoondoka, Maimunah alikaa na gunia la mchele mbele yake. Akiolewa, amemzika mume aliye hai. Asipoolewa, amemuua. Hakuna mwanamke aliyewahi kutegewa mtego safi kuliko huo. Bibi Kaltumi alipoanza kuomba dua, Maimunah alimwambia asijisumbue, dua la kuku halimpati mwewe. Akaingia jikoni kuloweka hina.

Ijumaa baada ya swala uani palijaa. Akina mama wa Namuwongo na wa mtaa jirani wa Kisugu walikaa upande mmoja, wanaume upande wa pili, shekhe katikati kwenye mkeka, Kamis mbele yake katika kanzu mpya iliyonyooshwa. Maimunah alikuwa mlangoni mwa chumba, nyuma ya pazia, akiwaona wote.

Kapteni Marjan aliwasili na lori la askari. Salamu nyingi, zawadi ya sukari, heshima kwa wazee. Na nyuma yake, akisukumwa kwa adabu, alikuja Hippolyte.

Mkongo yule alikuwa amebadilika. Macho mekundu, shati lile lile la Jumanne. Kapteni akawaeleza wageni kwamba amewaletea mwimbaji. Tangu Jumanne alikuwa amemkalisha kambini aurudie na kuurudia mkanda ule kwenye mashine, wimbo ukamwingia wote kichwani, ingawa hajui maana ya hata neno moja. Je, si ajabu? Kasuku wa Kikongo anaimba Kinubi! Kabla ya nikahi, akasema, tupewe doluka.

Hippolyte akamtafuta Maimunah kwa macho nyuma ya pazia.

"Mama, unisamehe," akasema. "Mimi minaimba tu. Sijue ni nini."

Akaanza.

Sauti yake ilikuwa nzuri, ole wake. Aliimba vilevile kama Jafar, akipumua pale Jafar alipopumua. Majina yakatoka moja baada ya jingine: fulani bin fulani wa Kisugu, mama yake fulani, yupo. Fulani wa Namuwongo, yupo. Na Kapteni Marjan hakumtazama mwimbaji hata mara moja. Alikuwa akiwatazama akina mama.

Wote walielewa. Hapo uani palikuwa na wanawake waliokwisha kutandika mikeka ya matanga, waliokwisha kugawa nguo za watoto wao, na sasa walikuwa wakiambiwa mwanao yupo, mwanao yupo, na desturi ikiwavuta ulimi. Hakuna aliyejibu. Mama mmoja wa Kisugu alikuwa na ungo wa mchele mapajani. Alisikia jina la mwanawe wa pekee. Aliendelea kuchambua mchele, akitoa mawe yaliyokuwepo na yasiyokuwepo. Ukitaka kujua jinsi miaka ile ilivyokuwa, mkumbuke mama huyo.

Ukaja ubeti wa Maimunah mama Safinah. Maimunah alijiuma mkono mpaka akaonja damu. Safari hii alinyamaza.

Na ukaja ubeti wa mwisho, ule uliofunikwa ukumbini. Hippolyte, maskini, akautoa kwa sauti kubwa kuliko zote, akidhani ndiyo tamati na watu watapiga makofi. Kwa Kiswahili maana yake ni hii:

"Aliyewaletea kanzu yangu ndiye aliyenivua. Alininyooshea kidole njiani, akaivuta kwa mkono wake, akaja kunicheka ndani ya lori kwamba atalala kitandani pangu. Kamis, umetajwa. Jibu."

Watu wote wakamgeukia Kamis.

Kamis alikuwa wa rangi ya majivu. Akasema ni uzushi, akasema wazungu wamegeuza maneno. Hakuna aliyemsikiliza. Bibi Kaltumi alikuwa amesimama tayari, ameshika fimbo katikati kama mtu anayetaka kuua nyoka. Basi yale machozi juu ya gunia, zile safari za hospitali, ule mkaa, vyote vilikuwa malipo ya awali ya mwizi kwa mali aliyokwisha kuiba. Maimunah alikuwa amemkatia kucha mtu huyu.

Shekhe, mzee wa watu, alitaka tu ile siku iishe salama. Akakohoa, akageukia pazia na kuuliza. Msichana mwali hunyamaza na kimya chake kikahesabiwa ridhaa. Mjane hanyamazi, ni lazima aseme mwenyewe. Je, Maimunah amekubali kuolewa na Kamis, na mahari yake anataka nini?

Maimunah akalifungua pazia, akatoka mbele za wanaume wote. Siri ya kufichwa haikuwepo tena. Kapteni alikuwa ameujua ubeti ule tangu kambini, na alikuwa ameuleta hapa kwa mkono wake. Mikononi Maimunah alishika kanzu ya Jafar, ile ile, ambayo mama mkwe wake hakukubali ifuliwe.

"Kanzu nilishaletewa," akasema. "Mahari yangu ni mwenye hiyo kanzu. Aletwe hapa, nimwone. Baada ya hapo, shekhe, niulize tena."

Wanaume wakainamisha macho. Kapteni Marjan alimtazama, kisha akacheka kidogo, kwa pua. Lakini si yeye aliyemgeukia. Alimgeukia Kamis.

"Wewe ulituambia yule mutu ni wa magendo," akasema polepole. "Anavusha kahawa kwa feri, ulisema. Tukamchukua. Kumbe ulitaka bibi yake. Jeshi nzima ilikuwa mshenga yako?"

Kamis akaanguka magotini. Alishika buti za Kapteni, akaapa kwa Mungu, kwa mama yake, kwa lori lake. Kapteni akaondoa mguu taratibu, kama mtu anayeogopa kukanyaga kitu. Akaipokea kanzu kutoka mikononi mwa Maimunah, akaikung'uta, akampa sajini wake.

"Nenda Luzira. Mumuvalishe hii. Mulete."

Maimunah akauliza kama yuko hai. Akauliza tena.

Kapteni alisema wimbo ule ulipigwa picha zamani kidogo. Jumatano aliwauliza watu wa jela habari za waimbaji, nao walimjibu, lakini jibu lenyewe amelisahau. Kisha akaomba maji ya kunywa.

Lori likaondoka kuelekea Luzira. Chakula hakikupakuliwa. Kamis alikaa kwenye mkeka wa ndoa, askari kila upande, kanzu yake mpya imechafuka magotini. Hippolyte alijikunyata ukutani, akimuuliza kila aliyepita ameimba nini, jamani, ameimba nini, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kumwambia. Mama wa Kisugu alimaliza mchele wake, akaumwaga, akaanza kuchambua upya.

Jua lilikuwa bado juu ya paa za nyumba kando ya reli, lori liliporudi.

Lilisimama nje ya ua. Turubai likafunguliwa. Askari wawili wakashuka, na kati ya mabega yao, ikitokeza na kupotea, ilikuwapo kanzu yenye doa la kahawia kifuani. Kulikuwa na mtu ndani yake. Kichwa kimeinama. Walimshika makwapani, mmoja huku na mmoja huku, na vumbi la miguu ya watu halikumwacha Maimunah aone kama nyayo zake zilikuwa zikitembea au zikiburuzwa.

Bibi Kaltumi alianguka. Shekhe akasimama.

Mahari ikiingia uani, bibi harusi ndiye anayeanza, na wengine humfuata. Wanawake wote wa Namuwongo na Kisugu walimgeukia Maimunah, midomo imefunguka nusu, wakingoja kusikia kwake kama ni kigelegele au ni kilio.